Afya shuleni na mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu: kazi ya usharika ni ipi?

(Yafuatayo ni maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi, aliyoyatoa mjini Tukuyu mbele ya wajumbe wa kamati za sharika, walimu, wauguzi na wageni kutoka sharika rafiki za ng'ambo. Vichwa vidogo vimewekwa na mhariri.)



Nimeombwa nizungumze juu ya afya shuleni. Neno hili tumelizoea, na tukilisikia mara nyingi tunafikiria vyoo, matanki ya maji na ndoo za kunawia mikono. Hayo nitayagusa. Lakini leo nataka tuyatazame kwa macho ya mtoto mmoja katika darasa, yule ambaye ugonjwa wake hauishi dozi inapoisha. Ninaye akilini mtoto wa kisukari, mtoto wa kifafa, mtoto wa pumu na mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI. Watoto hawa wapo katika shule zetu za Rungwe na Busokelo, na wengi wao wamo katika sharika zetu. Wengine tumewabatiza wenyewe.

Swali langu ni dogo: mtoto huyu akishatoka hospitali na dawa mkononi, akafika kwenye geti la shule, nani anaendelea kumwangalia?

Mahali uzi unapokatika

Kalenda ya shule za msingi nchini kwetu ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Kwa mtoto wa kutwa, saa zake nyingi za mchana ziko shuleni. Kwa mtoto wa bweni ni usiku na mchana. Sasa linganisheni na kliniki. Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu huonana na daktari mara moja kwa mwezi, au mara moja kwa miezi mitatu, kwa dakika chache. Daktari anaandika dawa, mzazi anaitikia, wanapanda gari kurudi nyumbani. Kesho yake mtoto yuko darasani mbele ya mwalimu ambaye hajui lolote.

Hapo ndipo uzi unapokatika, na ukitafuta mkosaji humpati. Daktari ametimiza kazi yake, mzazi amenunua dawa, na mwalimu amefundisha. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaunganisha hao watatu.

Katika nchi kama Uingereza wana utaratibu ambao bingwa wa hospitali kubwa na daktari wa mtaani hugawana mgonjwa mmoja kwa makubaliano ya maandishi: wewe utafanya hili, mimi nitafanya lile, na hali ikibadilika utanijulisha. Tunaweza kuuita matunzo ya pamoja. Sisi hatuna daktari kila mtaa. Lakini tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kiasi cha kilomita 70 kutoka hapa. Tunayo hospitali ya wilaya hapa Makandana, hospitali za makanisa kama Itete na Igogwe, vituo vya afya na zahanati. Tunao walimu hadi vijijini kabisa. Na tunazo sharika, na chini ya sharika mitaa. Viungo vyote vya mwili vipo, ila havijashikana.

Jambo ambalo Rungwe tulishalifanya

Ndugu zangu, mtu asiseme jambo hili ni geni kwetu. Wilaya hii imekwisha kuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kusimamia dawa ya miaka mingi. Nazungumza juu ya usubi.

Wazee mnakumbuka. Wale nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi, katika mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, waliwatesa watu kwa miwasho, ngozi kuzeeka kabla ya wakati na macho kuharibika. Wataalamu waliiita sehemu yetu ukanda wa Tukuyu, mmojawapo wa kanda za usubi hapa Tanzania. Dawa yake, ivermectin, kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itaitoa bure kwa muda wote itakapohitajika. Lakini dawa ya bure iliyoko bohari haimponyi mtu. Tena haimuui mdudu mkubwa aliye mwilini. Inawaua watoto wake. Kwa hiyo watu walitakiwa kuimeza kila mwaka, kwa miaka kumi na zaidi, hata wale wasioona dalili yoyote.

Nani angeifanya kazi hiyo? Wauguzi walikuwa wachache. Mpango wa Afrika wa kupambana na usubi, ulioanza 1995 na kufungwa 2015, ulikuja na njia ambayo kijiji chenyewe kinaamua. Kwetu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanakijiji walikutana, wakachagua wagawa dawa wao, wakapanga siku na mahali. Mgawa dawa alikuja na daftari la kaya na fimbo ya kupimia urefu, kwa sababu idadi ya vidonge iliweza kukadiriwa kwa kimo cha mtu bila mizani. Mtoto ambaye hajafikia sentimita 90 hakupewa.

Natoa mafundisho matatu hapo. La kwanza, mgawa dawa hakuwa daktari, lakini alikuwa na kipimo kimoja rahisi kilichomzuia asikosee. La pili, alichaguliwa na watu, hivyo aliaminiwa. La tatu, kulikuwa na daftari, na mwaka uliofuata mtu ambaye hakuja alijulikana. Kipimo rahisi, mtu anayeaminika, na daftari. Shikeni hayo matatu, nitayarudia.

Shule yenye afya kwa wote

Mwaka 2000, katika mkutano wa dunia wa elimu uliofanyika Dakar, mashirika manne ya kimataifa, yaani UNESCO, UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia, yalikubaliana juu ya nguzo nne za afya shuleni: sera nzuri za shule, maji salama na vyoo, mafundisho ya stadi za afya, na huduma za afya na lishe zinazotolewa shuleni. Hapa nchini tumeziona kazi hizo. Watoto wanapewa dawa za minyoo shuleni. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na shule ndizo zilizotumika sana kuwafikia.

Wako wanaosema kwamba kazi ya afya kwa wanafunzi wote ni jambo moja, na kumtunza mtoto mgonjwa ni jambo lingine. Mimi naona ni jambo moja. Tuchukue mifano ya hapahapa.

Chakula cha mchana. Mtoto wa kisukari anayechomwa insulini asubuhi lazima ale kwa saa. Akikaa na njaa hadi saa tisa, sukari inashuka. Anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na mwisho anaanguka. Wenzake wanasema ana mashetani, mwalimu anadhani amelala kwa uvivu. Wazazi wa shule wanapokubaliana kuchangia mahindi, maharage na ndizi ili watoto wote wale, wanamlinda pia huyu mmoja bila kumtaja jina.

Choo na ruhusa. Mtoto huyohuyo, sukari ikipanda, anakojoa mara kwa mara na kunywa maji mengi. Shule yenye choo cha karibu na mwalimu anayetoa ruhusa bila kumfokea imekwisha kumsaidia.

Vumbi na moshi. Katika shule zetu watoto hufagia madarasa kila asubuhi. Kwa mtoto wa pumu, vumbi lile pamoja na baridi ya Tukuyu na moshi wa kuni jikoni linatosha kumfunga kifua. Dawa ya kwanza ni ratiba: yeye apewe kumwagilia maua, na wenzake wanyunyize maji sakafuni kabla ya kufagia.

Maji ya bomba. Mtoto wa kifafa akitumwa mtoni peke yake anaweza kuanguka majini akafa kwa maji ya kina kifupi. Tanki la maji shuleni, ambalo tulidhani ni la kunawia mikono, ni kinga ya uhai wake.

Mnaona basi. Shule ikiwa na afya kwa wote, mzigo wa mtoto mgonjwa unapungua nusu kabla hujatamka jina la ugonjwa wake.

Magonjwa yenyewe

Sitawafanya kuwa madaktari, lakini mjumbe wa kamati anatakiwa ajue machache.

Kisukari cha utotoni. Mtoto huyu mwili wake hautengenezi insulini. Kabla ya mwaka 1922, ambapo insulini ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza kule Toronto, watoto wa namna hii walikufa wote. Kwa hiyo kumwambia mzazi ajaribu kuacha sindano kwanza ni kumhukumu mtoto kifo, hata kama tumesema kwa nia njema ya maombi. Tuombe, na sindano iendelee. Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, ikigandishwa inaharibika. Chupa iliyoanza kutumika inaweza kukaa karibu wiki nne nje ya friji ikiwa mahali si pa joto. Hapa tunamshukuru Mungu kwa baridi yetu. Kwa ndugu zetu wa Kyela, kwenye joto la ziwa, mtungi wa udongo uliozungukwa na mchanga wenye maji ni msaada mkubwa. Na mtoto anayekojoa sana, mwenye kiu isiyoisha na anayekonda, msiishie kumpima malaria peke yake. Pimeni na sukari.

Kifafa. Hapa kuna giza kubwa zaidi. Watu wengi bado wanaogopa kumgusa aliyeanguka, wakidhani povu linaambukiza. Haliambukizi. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu watu wa kifafa tangu karibu mwaka 1960, watu waliokuwa wamefichwa na kutengwa, na ilionekana kwamba kwa kidonge cha kila siku wengi wanapata nafuu. Utafiti uliofuata Mahenge umeonyesha uhusiano kati ya kifafa na usubi. Sisi wa ukanda wa Tukuyu tusilipuuze hilo. Mtoto akianguka: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, ni hospitali. Na dawa za kifafa haziachwi ghafla, maana kuanguka kunaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Pumu. Mtoto awe na dawa yake ya kuvuta mahali anapoweza kuifikia mara moja. Dawa iliyofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu aliyekwenda semina ni sawa na dawa ambayo haipo.

Virusi vya UKIMWI. Mkoa wetu wa Mbeya uko kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulionyesha asilimia 9.3 ya watu wazima, na ule wa 2022-2023 asilimia 9.6. Asilimia hiyo haishuki haraka, na sababu moja ni njema: watu wanaishi, hawafi kama zamani. Miongoni mwao wako vijana waliozaliwa na virusi, ambao leo wako sekondari. Wakimeza dawa kila siku wanaishi kama wengine. Tatizo lao kubwa ni tranka. Shule za bweni zina ukaguzi wa matranka. Kijana anaogopa kopo la dawa litaonekana, au litalia vidonge vikigongana. Wengine wanahamishia vidonge kwenye karatasi, vinapata unyevu. Wengine wanaacha kabisa hadi likizo. Dawa ikiachwa na kurudiwa hivyo, virusi vinaizoea, na mlango wa tiba unaanza kufungwa.

Kutoka kwenye magonjwa haya, naomba mkumbuke na wazazi wao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta robo yao wana shinikizo la damu na kiasi cha 9 katika kila 100 wana kisukari. Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa magonjwa yasiyoambukiza mwezi Novemba 2019. Mtoto anayejifunza shuleni kupunguza chumvi, soda na mafuta, anayecheza mpira na kukataa sigara, anafika nyumbani kwa bibi yake akiwa mwalimu.

Pembe nne za mkeka

Mnaikumbuka habari ya Injili ya Marko, sura ya pili, ya watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Kila mmoja alishika upande wake. Kama mmoja angeachia, mgonjwa angeanguka. Na sisi tugawane pembe nne.

Pembe ya kwanza ni nyumbani. Mzazi au mlezi ndiye mwenye mtoto. Yeye anapeleka taarifa shuleni, anafuata tarehe ya kliniki, na anakubali au kukataa siri ya mtoto wake kufunguliwa kwa nani. Wengi wa walezi hawa ni bibi. Msimlaumu bibi aliyesahau tarehe, msomeeni kadi.

Pembe ya pili ni shule. Mwalimu wa afya anatakiwa ajue nini cha kufanya katika dakika kumi za kwanza, mahali dawa ilipo, na nani apigiwe simu. Mwalimu wa zamu ajue hivyohivyo, kwa sababu ugonjwa hausubiri mwalimu wa afya arudi.

Pembe ya tatu ni kituo cha tiba. Tunawaomba wauguzi na waganga waandike maagizo kwa Kiswahili kinachosomeka, yafike shuleni. Tena mtoto akishatulia, dawa zake zichukuliwe kwenye kituo cha karibu na nyumbani, na hospitali kubwa ibaki kwa marejeo. Mtoto wa Mwakaleli anayepoteza siku mbili za masomo kila mwezi kwa ajili ya vidonge vilevile, mwisho atakosa kimoja kati ya mawili, shule au dawa.

Pembe ya nne ni usharika. Hapa nisikilizeni vizuri. Usharika si zahanati, na mzee wa kanisa si muuguzi. Kazi yetu ni ile ambayo wengine hawawezi: kumtembelea mgonjwa nyumbani, kumpa nauli ya siku ya kliniki asiyekuwa nayo, kusimama kati ya mzazi na shule wanapogombana, na kuvunja uongo wa kwamba kifafa ni laana. Jambo hili linasemwa vema mimbarani kuliko ofisini kwangu. Hospitali za KKKT zimekwisha kujifunza hili katika tiba shufaa, ambapo watu wa kujitolea kutoka sharika waliwatembelea wagonjwa nyumbani na kumjulisha muuguzi hali inapobadilika. Waliona mengi ambayo wodi haioni.

Wamoraviani na Wamisionari wa Berlin walipofika nchi hii mwaka 1891, shule na dawa vilikwenda pamoja. Na tangu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa, yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kazi yetu ina mlango rasmi. Tupite mlango huo. Shule nyingi ni za Serikali. Tunaingia kwa kumwona mwalimu mkuu na kamati ya shule, au mkuu wa shule na bodi kwa sekondari, na ofisi ya halmashauri ikijua. Tena tunamhudumia kila mtoto, wa usharika wetu na asiye wa usharika wetu, Mkristo na Mwislamu. Nauli ya kliniki haina dhehebu.

Karatasi moja na tarehe mbili

Nilisema kipimo rahisi, mtu anayeaminika, na daftari. Hivi ndivyo vitakavyokuwa katika kazi hii.

Kipimo rahisi ni karatasi moja ya makubaliano kwa kila mtoto. Iwe na mistari sita tu:

1. Jina la mtoto na mlezi, na namba za simu mbili.
2. Dalili ya hatari ya mtoto huyu ni ipi.
3. Mwalimu aanze kufanya nini.
4. Dawa iko wapi, na nani mwingine anajua ilipo.
5. Tarehe ya kliniki, na nani anampeleka.
6. Mtoto asipewe kazi gani shuleni.

Mnaona sijaweka mstari wa jina la ugonjwa. Kwa kisukari, kifafa na pumu, ni vema mwalimu ajue, na wazazi wengi hukubali wakielezwa. Kwa virusi vya UKIMWI, mwalimu hahitaji kujua ili kumpa mtoto ruhusa ya kliniki. Inatosha kuandikwa kwamba mtoto ana dawa za kila siku kwa maagizo ya daktari, na matroni au patroni asizifungue wala kuzionyesha kwa wengine.

Mtu anayeaminika ni mmoja kutoka kamati yenu, na msaidizi wake. Msimchague kwa cheo. Mchagueni yule ambaye mtaa mzima hujua kwamba jambo likiingia kwake halitoki.

Daftari ni la tarehe mbili. Shule zetu hufunga mwezi Juni na mwezi Desemba. Wiki ya kufunga na wiki ya kufungua ndizo hatari zaidi, kwa sababu mtoto anabadilisha mikono. Kijana wa bweni anakwenda kwa shangazi Mbeya bila dawa, au anarudi shuleni na dawa za wiki moja. Katika wiki hizo mtu wenu awapigie simu walezi wote walio kwenye daftari: dawa zipo za kutosha? Kadi ya kliniki iko wapi? Simu mbili kwa mwaka kwa kila mtoto. Hakuna usharika usioweza hilo.

Juu ya siri

Nasema hili peke yake kwa sababu ndilo linaloweza kubomoa kazi yote. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa siri ya mtu na kumbagua. Lakini hata bila sheria, sisi tunajuana mno. Ukisema ibadani tumchangie mtoto wa fulani kwa ajili ya dawa zake, umekwisha kumtangaza hadi Kiwira. Michango iwe ya mfuko, isiwe ya jina. Daftari lisikae mezani kwa katibu. Na picha za watoto wagonjwa zisipigwe kwa ajili ya taarifa za wafadhili. Wageni wetu hapa watanisamehe, lakini naamini nao wana watoto.

Neno kwa wahisani wetu

Wageni wapendwa, tunawashukuru. Ninyi mmetembea nasi miaka mingi. Niruhusuni kusema mambo matatu kama ndugu.

La kwanza: ugonjwa wa kudumu unahitaji msaada wa kudumu, hata ukiwa mdogo. Msaada mkubwa wa mwaka mmoja unaacha mtoto mwaka wa pili. Afadhali kidogo ambacho kitakuwepo miaka mitano.

La pili: kabla ya kutuletea mashine ya kupimia sukari, tuulizeni ni vijiti gani vinapatikana Mbeya. Kila mashine ina vijiti vyake. Vikiisha na havipo madukani, mashine inakuwa pambo la kabati. Vitu vinavyotusaidia havipendezi kwenye picha: nauli, vijiti, muda wa simu, semina ya siku mbili kwa walimu wa afya.

La tatu: mwaka 2025 umetufundisha wote. Tarehe 20 Januari mwaka huo Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikoma rasmi kutekeleza misaada ya nje. Mpango wa PEPFAR, ulioanza 2003, ulikuwa umebeba sehemu kubwa sana ya tiba ya UKIMWI nchini kwetu. Walioshtuka si maofisa tu. Ni yule bibi anayejiuliza kama mwezi ujao dawa za mjukuu zitakuwepo. Siwalaumu waliotoa, kwa maana wameokoa maisha ya watu wengi. Nasema tu kwamba pembe ya mkeka iliyoshikwa na mtu mmoja aliye mbali ni pembe ya hatari. Kwa hiyo tunaomba msaada wenu utufundishe kusimama. Kila shilingi yenu ikutane na shilingi ya usharika, hata kama yetu ni ya ndizi na parachichi.

Tunayoomba kila kamati ifanye

Ndugu zangu, nisiwachoshe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Naomba kila kamati irudi nyumbani na mambo manne, na ilete taarifa kwenye mkutano ujao wa robo mwaka:

Kwanza, mwoneni mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nanyi, mmuulize kama yuko mwalimu wa afya, na kama mwalimu huyo anajua watoto wenye dawa za kila siku.

Pili, mchagueni mtu wenu wa siri na msaidizi wake, na majina yao yaletwe kwa Mchungaji.

Tatu, tengeni mfuko mdogo wa nauli za kliniki kutoka kwenye mavuno yenu wenyewe. Msisubiri wahisani.

Nne, katika shule ambayo haina chakula cha mchana, simameni kwenye mkutano wa wazazi mlitetee jambo hilo. Mkiulizwa kwa nini kanisa linajali uji wa watoto, mtakuwa na jibu.

Katika taarifa hiyo sitawauliza mmehudhuria semina ngapi. Nitawauliza ni watoto wangapi waliomaliza muhula bila kukosa dawa, na wangapi waliokosa, na kwa sababu gani. Wale waliokosa ndio watakaotufundisha pembe ipi ya mkeka imelegea.